Kitabu kidogo ya maajektifu ya Kiingereza: kununua ao kuacha?

Wenye wananiulizaka kwa inboksi kama hii kitabu kidogo ya maajektifu ya Kiingereza, ile ya jalada ya bluu yenye wanauzishaka kwenye mafotokopi hapa Goma, iko na faida ao ni kula tu pesa ya watu: mimi nasema nunua, 5000 franka si mingi, lakini mwisho mwisho kuna kurasa za kuruka.

Chenye nilipenda, haiko kamusi. Mwenye aliandika alichukua neno yetu ya kila siku akaonyesha namna Kiingereza inaipasua vipande. Ukurasa ya "kali" peke yake inalipa ile pesa. Kwetu kila kitu ni kali tu, kisu kali, mbwa mkali, mwalimu mkali, pilipili kali, chai ya majani mingi nayo kali. Kwa Kiingereza kisu ni sharp, mbwa ni fierce, mwalimu ni strict, pilipili ni hot, chai ni strong, na huwezi kuzichanganya. Alafu hiyo hot njo ile ile ya moto! Mdogo wangu anafanyaka mapokezi kwenye guest house moja ya Himbi, mgeni akamuliza kama ile sosi ya pilipili iko hot, yeye na heshima yote akajibu no sir, it is cold, mzee wa watu akajipakulia kijiko nzima... alikunywa maji mpaka basi. Kitabu inasema kama unaogopa kuchanganya tumia spicy, hapo hakuna mwenye atafikiria jiko.

"Refu" nayo wameifanya vizuri. Mtu ni tall, kamba ni long, mlima Nyiragongo na mita zake 3470 ni high, maji ya ziwa Kivu ni deep. Sisi zote ni refu, kwisha.

Habari njema kwa wavivu: ajektifu ya Kiingereza haibadilike. Big house, big houses, big man, big woman, hakuna mambo ya grand na grande kama Kifaransa, hakuna m- wala ki- wala vi-. Sisi wa Goma hizo za ki- na vi- tulishaziachaka zamani na Watanzania wanatuchekaka, kumbe tulikuwa tunajitayarisha kwa Kiingereza 😂

Sasa mabaya. Kwa cheap wameandika "bei chini" alafu wakanyamaza. Ni kweli, lakini mwambie mama wa watu kama kitenge yake ni cheap uone, juu inasikikaka pia kama kitu hafifu, ya ovyo. Sema tu not expensive, ao good price, utabaki na rafiki.

Na zile kurasa za nyuma, za "Kifaransa na Kiingereza ni sawa", hizo chana. Sisi wote tulisomaka kwa Kifaransa kwa hiyo tunaziamini haraka. Wameweka sensible sawa na sensible, hapana, kwa Kiingereza ni mtu wa akili, mwenye anapimaka mambo, mwenye roho nyepesi ya kuumia ni sensitive. Wameweka actual sawa na actuel, hapana tena, the actual price ni bei yenyewe ya kweli, haiko bei ya leo. Sympathetic haiko sympa ya Kifaransa (mtu wa kupendeza), ni mwenye anakusikilia huruma wakati uko na matatizo. Fikiria umeenda kutafuta kazi kwa ONG (shirika ya misaada), unajisifu kama uko very sympathetic, unashangaa juu ya nini wanakuangalia hivi.

Matamshi pia usifuate. Comfortable wameiandika komfotebolo, wakati Waingereza wenyewe wanaimeza, inatoka kama kamftabo. Fungua YouTube usikilize.

Mambo ya bored na boring wamepita mbio, nusu ukurasa, inatosha: boring ni kile kinakuchosha roho, bored ni wewe mwenye umechoka nacho.

Kabla ya kulipa fungua ndani. Kopi zingine wino imefifia mpaka hausome kitu, na yenye walinionyesha kwanza ilikuwa inakosa katikati. Mukiwa wawili ombeni mbili kwa 8000, muuzaji anakubali, anafanyaka tu kama anakasirika.