Fuko au nungunungu: nani kala viazi vyako nyuma ya nyumba?
Jamani wa Uyole, Umalila na huko Rungwe, mkikuta viazi vimeliwa bustanini msikimbilie kutega kabla hamjajua mlaji ni nani, maana mtego wa fuko haumkamati nungunungu hata siku moja.

Fuko anakula kwa chini. Juu unaona shina limesimama vizuri tu, baada ya siku mbili tatu linanyauka, ukilivuta linakuja lenyewe kama halina mizizi, kumbe chini kimebaki kishimo kitupu. Pembeni kuna vichuguu vya udongo mbichi, laini, vimefuatana kama mstari ila tundu hulioni kwasababu analiziba mwenyewe.

Nungunungu yeye anakuja usiku anachimba toka juu, asubuhi tuta limevurugwa, majani huku na huku, viazi nusunusu vina alama pana za meno ya mbele. Angalia na magome ya miti karibu na ardhi, anayatafuna pia. Ukiokota mwiba mweusi na mweupe kwenye uzio basi, ni yeye.

Mi aliyenitesa ni fuko, unapalilia wiki nzima halafu unavuna mashina matupu, inauma sana aisee.