SELinux na lebo za viungo: tathmini ya mtunza seva wa Mbeya

Natunza seva ndogo hapa Mbeya inayohifadhi kumbukumbu za mizani ya kahawa kutoka Mbozi, na humo nimeiacha SELinux, mfumo wa ulinzi ndani ya Linux, ifanye kazi yake yote, ingawa mafundi wengi ninaowafahamu huizima siku ileile wanapoweka Linux, programu endeshi ya seva. Ulinzi huu, ulioanzishwa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, na kuingizwa katika kerneli (kiini cha Linux) ya toleo la 2.6 mwaka 2003, hubandika lebo ya usalama kwenye kila faili. Ninachokipima hapa ni viungo, yaani vile vijifaili visivyobeba kitu isipokuwa njia ya kufikia faili jingine.

Ruhusa za kawaida za kiungo katika Linux ni pambo tu: zimeachwa wazi kwa kila mtu, na kerneli haizitazami inapokifuata. SELinux hukipa kiungo lebo yake chenyewe, na programu sharti iruhusiwe kukisoma kabla ya kulifikia faili lililo mbele. Naliona jambo hili kuwa la busara sana, kwa sababu kiungo ni kama kibao cha barabarani: mhalifu akikigeuza kibao cha Tukuyu kielekee Chunya, dereva mgeni hana habari kwamba amepotezwa.

Adha ipo kwenye zana zake. Nilitengeneza kiungo katika folda yangu binafsi, nikakihamishia kwenye folda ya tovuti kwa amri ya mv, na ukurasa wa bei ukagoma kufunguka ilhali faili la bei lilikuwa na lebo sahihi. Kumbe mv huhamisha kitu pamoja na lebo yake, hivyo kiungo kilikuwa bado na user_home_t, lebo ya mafaili ya folda binafsi. Nikakimbilia chcon, amri ya kubadilisha lebo, nisijue kwamba bila alama ya -h amri hiyo hukiruka kiungo na kubadilisha lebo ya faili kinakoelekea. Jioni nzima nilikuwa nikitibu mguu usiouma. Daftari la ukaguzi lilikuwa limeandika lnk_file, yaani kiungo, tangu mwanzo, ila nani husoma mistari ile kwa makini umeme ukiwa unakatika?

Amri ya restorecon, inayorudisha lebo stahiki na ambayo kwa kawaida haifuati viungo, ndiyo iliyomaliza kazi kwa sekunde chache. Ulinzi wenyewe naupa nyota tano. Chcon naipa mbili, na sasa ninapokagua viungo huanza na ls -lZ, inayoonyesha lebo, kabla ya kugusa chochote.