Famasi ya jirani na Mbuyuni, Moshi: nilikwenda kununua dawa za bibi, nikarudi na jibu langu

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), na tangu matokeo yatoke nyumbani kwetu Rau hakuna mazungumzo mengine. Baba anataka nikasome udaktari. Famasia kwake ni kuuza duka, na kuuza duka, anasema, hakuhitaji chuo kikuu. Mimi nilikuwa katikati. Siku hiyo bibi aliteremka kutoka Kibosho kufuata dawa zake za presha, nikatumwa nimsindikize.

Famasi yenyewe ni ndogo, dirisha la nondo, benchi moja nje, mwendo wa dakika mbili kutoka sokoni. Jina silitaji kwa sababu sikuwaomba ruhusa. Kilichonivutia kwanza ni kwamba cheti cha usajili cha mfamasia kimetundikwa ukutani na mwenye cheti amesimama chini yake, dada wa miaka thelathini hivi, koti jeupe. Sehemu nyingine nimewahi kukuta cheti tu, mwenyewe haonekani wiki nzima, na anayekupa dawa ni yeyote aliyekuwa karibu na kabati.

Bibi alikuwa na cheti cha daktari: losartani ile iliyochanganywa na haidroklorothiazidi, kidonge kimoja kila asubuhi. Kazi ya nusu dakika. Lakini yule dada akamwamkia, akasema, "Bibi, naomba unioneshe dawa zote unazotumia, hata zile za kununua mwenyewe." Bibi akasita, kisha akafungua fundo la khanga. Ndani kulikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa, na ndani ya karatasi vidonge vya diklofenaki visivyo na boksi wala maelezo. Vya magoti. Alikuwa anameza viwili kwa siku tangu mvua za masika, na hospitali hakuwahi kuvitaja kwa sababu hakuona kama ni dawa ya kutaja.

Dada akatoka nje, akachuchumaa mbele ya benchi, akambonyeza bibi juu kidogo ya kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Alipoachia, kishimo kilibaki. Mimi ninaishi naye likizo zote na sikuwa nimeona kwamba miguu imevimba.

Akamweleza taratibu: hiyo ya magoti inazuia maji na chumvi visitoke mwilini, kwa hiyo presha inapanda tena hata ukimeza dawa yako vizuri, na ikikutana na hizi mbili za presha, figo zinaweza kuumia bila wewe kusikia maumivu yoyote. Akampigia simu daktari aliyeandika cheti, wakazungumza kama dakika tano. Diklofenaki ikasimamishwa, bibi akapewa parasetamoli, na akaambiwa arudi hospitali kupima damu ili figo ziangaliwe. Kwenye bahasha hakuandika ile 1x1 yao, yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku. Aliandika kwa herufi kubwa: ASUBUHI, BAADA YA UJI.

Nilimuuliza pale pale kama daktari alikosea. Akasema hapana, daktari alitibu alichoambiwa. "Ila mtu anaweza kutibiwa na madaktari watatu, na dawa za wote watatu zikakutana kwenye kaunta moja."

Sentensi hiyo nimelala nayo. Nikamuuliza mengine, naye akanijibu huku akihudumia watu. Famasia ni miaka minne chuoni na mwaka mmoja wa intani, yaani mafunzo kazini. Udaktari ni mitano na mwaka wa intani, halafu ukitaka ubobezi unarudi tena darasani. Mfamasia anaweza kufanya kazi wodini, kiwandani, TMDA kwenye udhibiti wa dawa, au Bohari ya Dawa, ambayo ina kanda hapa hapa Moshi. Hakunishawishi. Aliniuliza tu ni somo gani nililokuwa nalisoma bila kusukumwa. Kemia. Fizikia niliibeba kwa sababu ilikuwa lazima.

Nikiwa pale alikuja kaka wa bodaboda akitaka amoksilini, ile antibiotiki, "za mia tano tu", akakataliwa kwa adabu na kuelezwa kwamba nusu dozi inafundisha vimelea kuvumilia dawa. Kaka akakasirika, akaondoka. Najua pesa ile ameipata mwingine. Huyu dada aliiacha iende.

Sasa kasoro, na kwangu ni kubwa. Hakuna mahali pa faragha hata kidogo. Alikuja binti wa umri wangu, akanong'ona, hakusikika kwa sababu ya nondo na kelele za sokoni, akalazimika kurudia kwa sauti, na benchi zima tukajua anauliza vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Alitazama chini mpaka anaondoka. Pazia moja na kiti ndani vingetosha, na nilimwambia dada hivyo. Alikubali, akasema chumba chenyewe ni cha kupanga. Bado nadhani pazia linawezekana. Pia bima hawapokei, ni pesa taslimu au simu, na jioni foleni ni ndefu.

Nyota nne kati ya tano. Nendeni asubuhi, saa tatu hadi saa sita, na mbebe kila dawa mnayomeza, hata ya kupewa na jirani.

Baba nimemweleza yote, hadi kile kishimo cha mguuni. Hajakubali, ila ameacha kusema "duka". Dirisha la udahili likifunguliwa, famasia naijaza ya kwanza. Bibi amepimwa damu wiki iliyofuata, na ile bahasha ameichomeka ukutani jikoni Kibosho, juu ya sufuria ya uji.