Laptopu kuukuu na adapta moja: Wi-Fi imepanda ghorofani

Assalaam alaykum watazamaji wangu. Leo nipo nyumbani kwetu Malindi, Mji Mkongwe, kwenye roshani ya ndani, na hapo chini ndio ua wetu. Hii niliyoishika ni adapta ya Wi-Fi ya USB, yenye antena moja. Nimeitumia wiki tatu pamoja na laptopu iliyokuwa ikila vumbi dakani.

Wenye nyumba kama hizi tatizo mnalijua. Ruta iko sebuleni chini. Ukuta ni wa mawe na chokaa, unene wake dhiraa nzima, na masika haya umelowa; mawimbi yakiufikia yanamezwa. Chumba cha bibi kiko juu. Kila Ijumaa huzungumza kwa video na ami yangu aliye Maskati, na miaka miwili yote amekuwa akizishuka ngazi hizi, zitazameni zilivyosimama, ameshikilia kamba, apate mtandao tu. Jambo hili limeniuma sana.

Mwanzo nilinunua kiadapta kidogo kama kucha. Hakikufaa: kinapata moto, mtandao unakatika kila baada ya dakika chache. Hii ya sasa, shilingi 40,000 pale Darajani, niliitafuta kwa chipu yake, si kwa jina la kwenye boksi. Chipu ni Atheros AR9271, na Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows, inaitambua papo hapo, husaki draiva, yaani programu ya kukiendesha kifaa. Laptopu ilikuwa na Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, basi nikaifuta nikaweka Linux Mint. Ni ya bure, na RAM ya giga 2 inaiendesha.

Sasa sogeeni mtazame hapa. Ukuta sikushindana nao. Mawimbi nimeyapitisha uani. Adapta nimeifunga kwa uzi kwenye nguzo ya roshani, inauchungulia mlango wa sebule moja kwa moja, hakuna jiwe katikati. Waya wa USB wa mita 3 unaingia dirishani mpaka kwenye laptopu, mezani kwa bibi. Msivuke mita 5, USB 2.0 haivumilii. Adapta inapokea, kadi ya ndani ya laptopu inarusha. Kifaa kimoja ukikitwika kazi zote mbili, kasi inashuka karibu nusu, maana hakiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Ruta iko chaneli 1, yaani njia yake ya mawimbi, na hotspoti, ule mtandao unaorushwa na laptopu, nimeiweka 11, zisikanyagane.

Nimepima: sebuleni megabiti 18 kwa sekunde, kitandani kwa bibi 12. Zamani hapo hata ujumbe wa sauti ulikuwa haufunguki. Ijumaa iliyopita kazungumza na ami dakika arubaini, picha haikuganda hata mara moja.

Kasoro zipo. Siku ya pili tu bibi akaniita, mtandao umezimika: kafunika laptopu, nayo ikalala. Ingieni mipangilio ya umeme, muiambie isilale hata ikifunikwa. Tena huu ni mtandao wa pili wenye jina lake, na simu ukipanda nayo inaung'ang'ania ule wa chini mpaka uibadilishe mwenyewe.

Halafu umeme. Laptopu hii inakula kama wati 25. Ikiwaka mchana na usiku ni uniti 0.6 kwa siku, kama 18 kwa mwezi, wakati ripita ya dukani, kidude cha kupokea Wi-Fi na kuirusha tena, hula wati chache tu. Sisi tunaiwasha alasiri, tunaizima saa 4 usiku. Kama laptopu huna, usiende kuinunua kwa ajili hii, nunua ripita. Kama unayo na bado nzima, fanya, naipendekeza kwa moyo wote.

Ila kabla hujatoa hata shilingi, jaribu kuisogeza ruta mlangoni pa ua. Kwetu haikuwezekana, waya wa intaneti unaingilia upande wa mtaani. Kwako huenda ikatosha.