Msomi na msomaji: -i au -aji?

Zote mbili zinatoa mtu kwenye kitenzi, ila hazifanani kabisa. -aji ni rahisi, unabandika tu, tumia inakuwa mtumiaji, wekeza mwekezaji, ndo maana maneno mengi ya kibiashara yanapitia huko. -i nayo ina vurugu zake, inabadilisha hadi konsonanti: pika mpishi, fuata mfuasi, iba mwizi. Lakini kwa maana mi naona -i ndo tamu zaidi, maana mara nyingi inampa mtu sifa au kazi yenyewe, msomaji ni yeyote anayesoma hata meseji ila msomi ni habari nyingine, na mnywaji sio lazima awe mlevi (wanywaji mtanielewa). Sema sheria haipo kivile, dukani kuna mnunuzi na muuzaji.