Unga wa kauri wa kumimina: unga nunua, kalibu acha

Seti inayouzwa hapa Dodoma ina mfuko wa unga wa kauri wa kilo 25, chupa ya silikati ya sodiamu (dawa ya kulainisha mchanganyiko bila kuongeza maji) na kalibu ya kikombe ya plasta, yaani umbo la kumiminia, vipande viwili. Unga wenyewe ni mzuri kweli. Ni mweupe, hauna chembe za mchanga, na ukichomwa hadi nyuzi 1250 mdomo wa kikombe unapitisha mwanga wa taa.

Karatasi ya maelekezo inataka lita 12 za maji. Usiifuate. Lita 10 zinatosha, na ndani yake utie kwanza gramu 75 hadi 100 za silikati, kisha unga kidogo kidogo. Pima: lita moja ya uji, yaani mchanganyiko huo wa kumimina kwenye kalibu, iwe na karibu gramu 1,780. Plasta ndiyo inayonyonya maji ya uji hadi ukuta wa kikombe ugande; maji yakizidi, inashiba mapema na kikombe kinanywea hadi kupasuka. Silikati ikizidi, uji ukitulia unakuwa kama jeli. Maji ya kisima yenye chumvi nayo huukoroga mpango, uji unakuwa mzito ingawa vipimo viko sawa. Bora maji ya mvua. Chuja, kisha uache ulale usiku mzima mapovu yatoke.

Kalibu ndiyo inayokera. Plasta upande mmoja ina unene wa sentimita 4, upande wa pili haifiki 2. Upande mwembamba unashiba haraka, kwa hiyo ukimwaga uji uliobaki baada ya dakika 10 unakuta ukuta wa milimita 3 huku na 2 kule, na kikombe kinapinda kikikauka. Vipande pia vinacheza, uji unapenya kwenye kiungo na kuacha mshipa. Ukwangue, upitishe sponji, upotee kabisa. Kikombe kikitoka tanurini mshipa umerudi, mstari mwembamba kutoka mdomoni hadi kitakoni. Kikombe cha namna hiyo huwezi kumuuzia mteja. Afadhali utengeneze kalibu yako: gramu 700 za maji kwa kilo moja ya plasta, unene sawa pande zote.

Tahadhari ya kiangazi: upepo wetu mkavu unakausha mdomo kabla ya kitako, na ufa unaanzia hapo. Kikombe kikitoka kwenye kalibu kifunike kwa nailoni, mkono ubandike kingali na unyevu, kisha ufunue polepole kwa siku mbili tatu.