Ultrasaundi ya mkononi kwa maumivu ya ghafla ya tumbo la mtoto: uzoefu wangu, Tanga

Ni ile ya kuchomeka kwenye kishikwambi: probu (kichwa cha kupimia) moja bapa, megahezi 5 hadi 12, na Doppla ya rangi, inayoonyesha damu inavyopita. Naipima kwa jambo moja: inaonyesha kasoro za kuzaliwa nazo, zile tunazozisahau tukikimbilia kidole tumbo?

Utumbo uliojisokota inauonyesha vizuri. Laza probu kwa kukingama kwenye chembe cha moyo, ushuke taratibu mpaka uione kongosho. Mbele ya aota, mshipa mkuu wa damu, utaona mishipa miwili ya damu ya utumbo: ateri inayoipeleka, kiduara chenye ukingo mweupe, na veni inayoirudisha, pana zaidi, upande wa kulia wa mtoto. Veni ikikaa kushoto, au mbele kabisa ya ateri, shuku kwamba utumbo haukuzunguka sawasawa tumboni mwa mama. Endelea kushuka. Ukikuta veni na utumbo vimeizunguka ateri kama kamba, kwa mwendo wa mshale wa saa, mpigie daktari wa upasuaji hapo hapo.

Mkono mzito ndio unaoharibu kipimo hiki: ukikandamiza, veni inabanwa na kupotea. Tena skeli ya Doppla, yaani kasi ya damu inayosomwa, huja ikiwa juu mno. Mimi naishusha hadi sentimita 10 au 15 kwa sekunde.

Mishipa kukaa mahali pake hakumsafishi mtoto. Mchanga anayetapika kijani bado anahitaji eksirei ya dawa ya kunywa inayoonekana kwenye picha, kuona kama kona ya mwisho ya duodeni (mwanzo wa utumbo mdogo) imepanda kushoto kwa uti wa mgongo. Akiwa amelegea na tumbo limejaa, asisubiri picha yoyote.

Kwa vifuko vya juu juu probu hii naipenda sana. Kifuko cha utumbo pacha, yaani kipande cha utumbo kilichojirudia wakati wa kuumbwa, kina ukuta wa tabaka mbili, mstari mweupe ndani na mweusi nje. Kilichopo katikati, kati ya kitovu na kibofu, nyuma tu ya misuli ya tumbo, fikiria mabaki ya urakasi (mfereji wa kijusi kati ya kitovu na kibofu), hasa kikiwa na usaha.

Kifuko cha Meckel, kijifuko cha kuzaliwa nacho kinachochomoza kwenye utumbo mdogo, ndicho kinachoishinda mara nyingi, maana gesi hukifunika. Kidole tumbo kikionekana kizima na maumivu yapo palepale, fuata utumbo mdogo kuanzia unapoungana na mpana, urudi nyuma kama sentimita 60. Mtoto akijikunyata kwa utumbo ulioingiana, ambao kwenye picha huonekana kama duara, angalia pia ndani ya duara hilo: kifuko hicho huweza kuwa ndicho kilichouvuta.

Kwa kijana mnene haifai, mawimbi hayafiki kina. Na joto letu la Februari huifanya ijizime katikati ya kipimo, basi zima Doppla usipoihitaji na uweke feni karibu. Uso wa probu siufuti kwa spiriti, kwani huweza kuharibu mpira wake. Naufuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha ukaushe vizuri tundu la chaji, kwani hewa ya chumvi hulila.